Kasino Jirani na Makazi: Kura ya Wakazi, Kamati ya Eneo au Bodi ya Jimbo?

Mwekezaji anapotangaza kwamba anataka kujenga kasino yenye hoteli, kumbi za burudani na maegesho ya maelfu ya magari karibu na nyumba za watu, mjadala huanza karibu kila mara kwa swali la iwapo kamari ni jambo jema au baya. Swali hilo lina uzito wake, lakini halimsaidii sana mkazi anayetaka kujua aende ofisi gani, azungumze na nani, na kabla ya tarehe ipi. Kwake yeye kuna swali linalotangulia: ni nani mwenye mamlaka ya kuruhusu kiwanja kile kitumike kwa kasino, na mamlaka hayo hutumika katika hatua gani ya mradi.

Marekani ni mahali pazuri pa kulichunguza swali hilo, kwa sababu sheria za kamari hutungwa na majimbo ilhali matumizi ya ardhi kwa desturi hupangwa na miji, na pale mamlaka hizo mbili zinapokutana kila jimbo limechagua njia yake. Makala haya yanalinganisha njia tatu: kura ya wakazi kama ilivyo Massachusetts, kamati ya eneo ikisaidiana na baraza la mji kama ilivyo New York, na bodi ya jimbo yenye kauli ya mwisho kama ilivyo Pennsylvania. Yamekusudiwa kwa vyama vya wakazi, madiwani, na yeyote anayeombwa maoni kuhusu sheria ya namna hii na hajui aunge mkono muundo upi. Kasino zilizo kwenye ardhi ya makabila ya wenyeji wa asili, ambazo huongozwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1988, nimeziacha nje, kwa kuwa kwa kawaida mpango wa ardhi wa mji jirani hauzifungi.

Vigezo vya kulinganisha

Njia zote tatu zitapimwa kwa mambo matano yale yale. La kwanza ni nani anayeamua, na iwapo anaweza kuwajibishwa kwa jina. La pili ni wakati: je, sauti ya mtaa husikika kabla ardhi haijaruhusiwa kwa kasino, au baada yake? La tatu ni kile kinachoandikwa na kumfunga mwekezaji, yaani fedha, barabara, usalama na ajira. La nne ni majirani walio nje ya mpaka wa mji mwenyeji, kwa sababu foleni ya magari haijui mpaka wa kata. La tano ni uimara wa uamuzi, maana kuna "hapana" inayodumu na kuna "hapana" inayorudiwa kuulizwa mpaka watu wachoke.

Kwa maoni yangu kigezo cha pili ndicho kizito kuliko vingine, na ndicho kinachosahauliwa zaidi. Wakazi hufika kwenye mkutano wa hadhara wakiwa na hoja nzuri, takwimu za ajali na picha za barabara nyembamba, kisha huelezwa kwa upole kwamba eneo lile lilikwisha kutengwa kwa matumizi hayo zamani, na kwamba kilichobaki kujadiliwa ni rangi ya ukuta na urefu wa nguzo za taa.

Njia ya kwanza: kura ya wakazi (Massachusetts)

*Nani anaamua.* Sheria iliyotiwa saini na Gavana Deval Patrick mwezi Novemba 2011 iliruhusu kasino kubwa zisizozidi tatu, moja kwa kila kanda ya jimbo, kila moja ikiwa na uwekezaji usiopungua dola milioni 500, na ikaweka sharti kwamba hakuna mwombaji atakayepewa leseni kabla wapiga kura wa mji mwenyeji hawajakubali. Katika miji yenye watu 125,000 au zaidi kura hupigwa na kata husika peke yake, isipokuwa kama mji utaamua wakazi wote wapige. Kifungu hicho kinaonekana kidogo, lakini athari yake ni kubwa. Springfield iliamua mji mzima upige kura, na Julai 2013 asilimia 58 wakaukubali mradi wa kampuni ya kasino ya MGM. Boston iliwaachia wakazi wa East Boston peke yao, nao Novemba 2013 wakaukataa mradi wa kasino katika uwanja wa mbio za farasi wa Suffolk Downs. Mwenye kuchora mpaka wa wapiga kura ana sehemu kubwa ya matokeo mkononi mwake.

Ikumbukwe pia kwamba kura hiyo ni ya kuruhusu mwombaji aendelee, wala haimpi leseni. Leseni hutolewa na tume ya jimbo, ambayo huchagua miongoni mwa miradi iliyokwisha kukubaliwa na miji yake. Wala kura ya ndiyo haibadilishi yenyewe mpango wa matumizi ya ardhi pale unapokataza kasino. Badiliko hilo, kwa sheria ya Massachusetts, kwa kawaida huhitaji theluthi mbili za baraza la mji au za mkutano mkuu wa wakazi. Kwa hiyo mtaa una milango miwili ya kusimamia, na wanaharakati wengi huukumbuka mmoja tu.

*Lini.* Hapa ndipo njia hii ina nguvu zaidi. Mwombaji hulazimika kwanza kukubaliana na uongozi wa mji na kutia saini mkataba, ndipo aombe kura ipigwe, na kura hiyo hufanyika kati ya siku 60 na 90 tangu ombi lake. Mkazi anapoingia kwenye chumba cha kupigia kura anajua mji utalipwa nini na mwekezaji ameahidi nini. Gharama za kura hiyo hurudishwa na mwombaji.

*Kinachoandikwa.* Mkataba na mji mwenyeji ni hati inayofunga, na mfano wa Everett unaonyesha faida yake. Mji huo mdogo ulioko kaskazini mwa Boston ulikuwa na kiwanja kilichochafuliwa na kemikali za kiwanda cha zamani cha Monsanto, kando ya Mto Mystic, ambacho hakuna aliyekitaka. Kampuni ya Wynn iliahidi kukisafisha kwa gharama yake na kuulipa mji takriban dola milioni 25 kila mwaka. Juni 2013 asilimia 86 ya waliopiga kura walikubali, na Encore Boston Harbor, iliyogharimu dola bilioni 2.6, ikafunguliwa Juni 2019. Mtu anaweza kuipinga kamari kwa dhati na bado akakiri kwamba wakazi wa Everett walijua wanauza nini na wanapata nini.

*Majirani wa nje.* Hapa ndipo panapouma. Magari mengi yanayokwenda Everett hupitia Sullivan Square, ambayo iko upande wa Boston, katika mtaa wa Charlestown, na wakazi wake hawakuwa na kura yoyote. Sheria inaitambua miji ya namna hiyo kama miji inayozunguka mradi, na inaipa haki ya kudai mkataba wake wa kupunguza athari, hata kwa njia ya usuluhishi, lakini haiipi haki ya kukataa. Boston ilidai iwe mji mwenyeji, ikakataliwa, ikaenda mahakamani mwaka 2015, na mwanzoni mwa 2016 ikamaliza kesi kwa makubaliano. Somerville nayo ilipinga kibali cha mazingira.

Suffolk Downs ni mfano mkali zaidi. Uwanja huo umekaa juu ya mpaka wa East Boston na Revere. East Boston ilipokataa, wawekezaji waliusogeza mradi wote upande wa Revere, ambako wakazi walikuwa wamekubali, wakapigiwa kura nyingine ya ndiyo Februari 2014. Kilichouzuia mwishoni ni tume ya jimbo, iliyoichagua Everett mwezi Septemba mwaka huo. Watu wa East Boston walikuwa wameshinda kura yao, na kwa miezi kadhaa walibaki wakitazama kasino ileile ikipangwa mita chache kutoka mlangoni.

*Uimara.* Mwombaji aliyekataliwa anaweza kuomba kura nyingine baada ya siku 180. Hata hivyo kura nyingi za hapana za mwaka 2013 zilidumu: West Springfield na Milford zilikataa kwa wingi wa wazi, na Palmer ilikataa kwa tofauti isiyofika kura 100, na hakuna hata mmoja wa miji hiyo iliyo na kasino leo. Nje ya Massachusetts mambo hayakuwa matulivu hivyo. Richmond, Virginia, ilikataa kasino Novemba 2021 kwa tofauti ndogo, ikaulizwa tena Novemba 2023 baada ya kampeni iliyotumia mamilioni ya dola, na safari hiyo takriban asilimia 62 wakasema hapana. Bunge la jimbo kisha likaipa nafasi hiyo Petersburg, iliyokubali mwaka 2024 kwa zaidi ya asilimia 80.

*Inawafaa nani.* Kura inaufaa mji mdogo au kata yenye watu wanaojuana, yenye viongozi wanaoweza kuajiri wakili mzuri kabla mkataba haujasainiwa. Haiwafai sana mitaa yenye wahamiaji wengi, na hili liwaguse hasa wasomaji wetu walioko huko: mwenye kibali cha kudumu cha ukazi analipa kodi, ana watoto katika shule ya jirani na atakaa kwenye foleni ileile, lakini jina lake halimo katika daftari la wapiga kura.

Njia ya pili: kamati ya eneo na baraza la mji (New York)

*Nani anaamua.* Wapiga kura wa jimbo la New York waliruhusu kasino hadi saba kwa kubadili katiba yao mwaka 2013, na leseni tatu za eneo la jiji na vitongoji vyake zikabaki zikisubiri mpaka mchakato ulipofunguliwa baada ya mwaka 2022. Kila mradi uliundiwa kamati ya ushauri ya eneo. Ndani ya Jiji la New York kamati hiyo huwa na wajumbe sita, walioteuliwa na gavana, meya, rais wa wilaya ya jiji, seneta wa jimbo, mjumbe wa bunge la jimbo na diwani wa mahali pale. Theluthi mbili zinatakiwa, yaani kura nne kati ya sita. Jina lake ni kamati ya ushauri, lakini isipokubali, ombi linakufa.

Nguvu ya muundo huu ni kwamba kila kura ina mwenyewe. Mkazi asiyeridhika anajua kura ya mjumbe fulani ni ya diwani fulani, na uchaguzi unaofuata anaweza kumuuliza. Udhaifu wake umekaa mahali hapohapo, kwa sababu wajumbe wawili huteuliwa na gavana na meya, ambao huitazama bajeti ya jimbo na ya jiji zima kabla ya kuitazama barabara moja ya mtaa.

*Lini.* Maombi manane yaliwasilishwa kufikia Juni 2025, na kamati zilitakiwa kupiga kura kabla ya mwisho wa Septemba. Matokeo yaliwashangaza wengi: miradi yote mitatu ya Manhattan, ukiwemo ule wa Caesars katika Times Square, ilikataliwa, na mradi wa Coney Island nao ukakataliwa. Minne ilipita, ule wa Yonkers ukajiondoa Oktoba, na Desemba 2025 leseni tatu zikaenda kwa Bally's huko Bronx, Metropolitan Park kando ya uwanja wa Citi Field, na Resorts World huko Queens.

Kwa kigezo cha wakati, hata hivyo, inafaa kurudi nyuma hadi Aprili 2024. Mwezi huo Baraza la Jiji lilibadilisha kanuni za matumizi ya ardhi ili kasino yenye leseni ya jimbo iruhusiwe katika maeneo kadhaa ya biashara na viwanda bila kila mradi kupitia mapitio marefu ya ardhi kivyake. Diwani aliyepiga kura siku ile alikuwa akiamua kuhusu kanuni ya jumla, mahali pa mradi pakiwa hapajajulikana kwa uhakika, na wakazi wachache walikuwa ukumbini. Kamati za mwaka uliofuata ndizo zilizopigwa picha na magazeti, lakini sehemu ya uamuzi wa ardhi ilikuwa imekwisha fanyika.

*Kinachoandikwa.* Mikataba ya manufaa ya mtaa hujadiliwa wakati wa mchakato wenyewe, na kwa kuwa kila kura ina thamani, mwekezaji huwa tayari kuongeza ahadi kadiri siku ya kura inavyokaribia. Hili lina faida na lina hatari. Ahadi ya bustani, zahanati au kituo cha mabasi iliyotolewa katika wiki ya mwisho inaweza kuwa nzuri sana, ila isipoingizwa katika masharti ya leseni au katika mkataba wenye upande unaoweza kushtaki, hubaki kauli ya mkutanoni.

*Majirani wa nje.* Kwa kuwa kamati huundwa kwa majimbo ya uchaguzi ya mahali penye kiwanja, mtaa ulio ng'ambo ya mpaka huo hauna mteuliwa. Anaweza kuzungumza mtu yeyote katika mikutano ya hadhara, awe raia au asiwe, na hapo njia hii inaipita kura ya Massachusetts kwa upana. Sheria ya mazingira ya jimbo pia humpa jirani mlango wa mahakamani. Katika wilaya ya Nassau, nje kidogo ya jiji, kampuni ya Las Vegas Sands ilipata mkataba wa kukodi ardhi ya Nassau Coliseum mwaka 2023, Chuo Kikuu cha Hofstra kilicho jirani kikashtaki, na Novemba mwaka huo jaji akaubatilisha mkataba huo. Aprili 2025 kampuni ikajitoa kabisa.

*Uimara.* Kisa cha Bally's kinatosha kuonyesha jinsi uamuzi wa mtaa unavyoweza kupinduliwa juu yake. Mradi ulihitaji sehemu ya bustani ya umma ya Ferry Point, na Julai 2025 Baraza la Jiji liliukataa kwa kura 29 dhidi ya 9, likimfuata diwani wa eneo hilo aliyeupinga. Meya Eric Adams aliupigia kura ya turufu uamuzi huo, baraza halikuipindua, na Septemba kamati ya eneo ikakubali kwa kura tano dhidi ya moja. Pale Citi Field, seneta wa eneo hilo alikataa kuwasilisha muswada wa kuitoa ardhi katika hadhi ya bustani, na seneta wa eneo jirani akauwasilisha badala yake. Jambo hili sisemi kama lawama, kwa sababu kila hatua ilikuwa halali; nalisema ili mkazi asiweke mayai yote kwa diwani mmoja.

*Inawafaa nani.* Inaufaa mji mkubwa wenye mitaa tofauti, vyama vya wakazi vilivyojipanga, na wawakilishi wanaofikika. Inaufaa zaidi mradi unaopanua kitu kilichopo kuliko mradi mpya kabisa: Resorts World, iliyokuwa ikiendesha mashine za kamari katika uwanja wa Aqueduct tangu 2011, ilipata kura zote sita, kwa sababu majirani walikuwa na miaka ya kuipima kelele yake na malipo yake.

Njia ya tatu: bodi ya jimbo (Pennsylvania)

*Nani anaamua.* Sheria ya mwaka 2004 iliipa bodi ya jimbo uwezo wa kutoa leseni na kuchagua mahali, na toleo lake la kwanza lilijaribu kuiondolea miji uwezo wa kutumia mipango yake ya ardhi dhidi ya kasino. Mahakama Kuu ya Pennsylvania ilikiondoa kifungu hicho mwaka 2005, lakini kwa vitendo bodi iliendelea kuwa na neno la mwisho. Wajumbe wake huteuliwa na gavana na viongozi wa bunge, na mkazi wa mtaa hana namna ya kuwawajibisha moja kwa moja.

*Lini.* Desemba 2006 bodi ilitoa leseni mbili za Philadelphia, zote kando ya Mto Delaware: SugarHouse karibu na mtaa wa Fishtown, na Foxwoods kusini zaidi. Wakazi walijibu kwa kukusanya saini zaidi ya 20,000 wakitaka kura ya kubadili katiba ya mji ili kasino isikae ndani ya futi 1,500 kutoka kwenye nyumba, yaani mita 450 hivi. Mahakama iliiondoa hoja hiyo kwenye karatasi ya kura kabla ya uchaguzi wa Mei 2007. Baraza la mji lilipochelewesha kibali cha ardhi cha SugarHouse, Mahakama Kuu ya jimbo iliingilia kati mwezi Desemba mwaka huohuo na kibali kikapatikana.

Mwaka 2017 jimbo lilijirekebisha kidogo. Liliruhusu kasino ndogo, na likaipa kila serikali ya mtaa nafasi ya kujitoa kwa azimio kabla ya Desemba 31 mwaka huo. Zaidi ya 1,000 zilijitoa. Nyingine hazikufanya lolote, na miongoni mwao ilikuwa College Township, kando ya mji wa chuo wa State College. Miaka mitano baadaye mwekezaji alipotaka kuweka kasino katika jengo la maduka la Nittany, wakazi walijaa mikutanoni wakipinga, na baraza likawaeleza kwamba muda wa kujitoa ulipita na mpango wa ardhi wa eneo lile unaruhusu. Bodi ilitoa leseni Januari 2023. Kuwaalika watu watoe maoni katika hatua hiyo ni sawa na kumwita mjomba kwenye kikao cha posa wakati mahari imekwisha kupokelewa.

*Kinachoandikwa.* Mgao wa serikali za mitaa kutokana na mapato ya kasino umewekwa na sheria, hivyo mji haupigi bei kila mara na wala hauhitaji wakili hodari ili upate chake. Kwa mji maskini hiyo ni faida ya kweli. Makubaliano ya ziada huachiwa hiari: huko Fishtown baadhi ya vikundi vya wakazi viliketi na SugarHouse na kupata mkataba wa fedha za mtaa, vingine vikakataa kuketi kabisa, na mgawanyiko huo kati ya majirani ulidumu.

*Majirani wa nje.* Hapa njia hii ina sifa moja ambayo wapinzani wake hawaipi haki yake. Bodi ya jimbo haina mpaka wa kata, kwa hiyo inaweza kuupima mradi kwa kutazama eneo lote, barabara zote na kasino nyingine zilizopo. Kama inafanya hivyo au haifanyi inategemea walioketi mezani.

*Uimara.* Matarajio yalikuwa kwamba uamuzi wa juu ungeharakisha mambo. SugarHouse ilifunguliwa Septemba 2010, karibu miaka minne baada ya leseni, baada ya kesi na maandamano. Foxwoods ilihangaika na mahali, ikajaribu kuhamia katikati ya mji ambako wakazi wa Chinatown waliipinga vikali, na Desemba 2010 bodi ikaifuta leseni yake. Nafasi hiyo ilikwenda hatimaye kwa kasino iliyofunguliwa mwaka 2021 kusini mwa mji, penye viwanja vya michezo, mahali ambapo nyumba ziko mbali zaidi. Kuuruka mtaa hakukuokoa muda.

*Inawafaa nani.* Inazifaa serikali za mitaa ndogo zisizo na uwezo wa kujadiliana na kampuni kubwa, na inalifaa jimbo linalotaka kasino chache zilizotawanywa kwa mpango. Haiufai mtaa usio na mtu wa kufuatilia miswada bungeni, kwa sababu muda wa kusema hapana hupita kimya kimya.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki

Kenya imeweka kasino na kamari katika orodha zote mbili za Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, ya serikali ya kitaifa na ya kaunti, kwa hiyo mazungumzo kuhusu nani aamue yanafanana zaidi na yale ya New York. Tanzania Bara hutoa leseni kupitia Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, ambayo ni ya kitaifa, ilhali matumizi ya ardhi mijini huongozwa na Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, na muundo huo uko karibu na wa Pennsylvania. Katika nchi zote mbili mkazi anayesubiri leseni itangazwe ndipo aanze kuuliza huwa ameupita mlango wa kwanza, ule wa ombi la kubadili matumizi ya kiwanja.

Uchague vipi kulingana na hali yako

Ikiwa bado hakuna mwekezaji aliyetajwa na jimbo lenu au kaunti yenu inaandika sheria, dai mbili zinafaa kutangulia nyingine: kura au kibali cha mtaa kije baada ya mkataba kusainiwa na kabla ya leseni, na eneo la wapiga kura lichorwe kwa kufuata barabara zitakazobeba magari, si mpaka wa kata pekee. Muundo wa Massachusetts ndio wa kuanzia, ukiongezewa haki pana zaidi kwa majirani wa nje.

Ikiwa mwekezaji ametajwa lakini ardhi bado haijaruhusiwa, angalia kwanza ramani ya matumizi ya ardhi ya mji wenu, halafu angalia kama kuna mabadiliko ya kanuni za jumla yanayojadiliwa sasa, hata kama hayataji mradi wowote kwa jina. Hapo nguvu ya diwani ni kubwa kuliko itakavyokuwa mwaka ujao, na muundo wa aina ya New York utawafaa mkiwa tayari kuhudhuria vikao vinavyochosha.

Ikiwa wakazi wengi wa mtaa wenu hawana haki ya kupiga kura, njia ya kamati na mikutano ya hadhara itawasikiliza zaidi kuliko kura, mradi mpate wakalimani mapema na mpeleke maoni kwa maandishi.

Ikiwa mji wenu unahitaji fedha, una kiwanja kilichochafuliwa au kilichotelekezwa, na wakazi hawapingi sana, kura ya wakazi inaupa mji nguvu ya kupiga bei kuliko mgao uliowekwa na sheria. Lakini kama hamna wakili wala mchumi wa kuyapitia makadirio ya mwekezaji, mgao wa kisheria ni salama zaidi.

Ikiwa leseni imekwisha kutolewa na ardhi imekwisha kuruhusiwa, kupigania kuuzuia mradi kunabaki kwa wale wenye kasoro ya kisheria ya kuonyesha, kama ilivyokuwa kwa Hofstra. Kwa wengine wote, nguvu ielekezwe kwenye masharti: njia za magari, saa za kufunga, taa, doria, huduma kwa walioingia katika uraibu wa kamari, na jina la upande utakaoweza kwenda mahakamani iwapo ahadi hazitatekelezwa.